Mke Mwenza Mwenye Ndevu

Mwanamume aliyeninyang'anya mume wangu alikwisha kufa kabla mama yangu hajazaliwa. Alikuwa padri wa Kiingereza, mwenye ndevu mpaka kifuani, bingwa wa Kiyunani na Kiebrania, na kila msimu wa joto ukifika alimwachia msaidizi wake kanisa, akaenda zake Uswisi kupanda milima ya barafu. Sikuwahi kumwona ila katika picha moja: amesimama juu ya jabali la barafu na koti lake jeusi la upadri, kamba kiunoni, kitabu mkononi. Kitabu! Juu ya barafu! Watu wakinisimulia wanawake waliowaibia waume zao sokoni na arusini, nawaambia nyie hamjapata kuonja. Mwanamke utamvuta nywele. Marehemu utamvuta nini?

Tulikuwa tunakaa Riyadh, mtaa wa Al-Dirah, katika nyumba ya udongo yenye dari ya magogo. Miaka ile mafuta yaliwatia watu kichaa. Ukuta uliouona asubuhi, jioni haupo, na pahala pake pamesimama winchi. Vumbi la saruji liliingia mpaka kwenye maziwa ya mtoto. Mume wangu alikuwa karani wa taipu katika kampuni ya Waingereza waliokuwa wakijenga barabara. Sote wawili ni watu wa Unguja, ila yeye alitoka akiwa kijana, mimi nilitolewa nimebebwa mgongoni. Nilisoma Mombasa mpaka kidato cha nne, kisha mama akanivuta Jeddah, walikotangulia kaka zangu, na huko ndiko nilikoolewa.

Na tulipooana tulikubaliana. Riyadh ni pa kuchuma tu. Mtoto akizaliwa, tunarudi Jeddah, kwa mama yangu, kwenye upepo wa bahari na watu wanaosema lugha yangu. Kaka yangu alikwisha kumtafutia kazi kwa wakala wa meli bandarini. Bandari ilikuwa imejaa meli zinazongoja kushusha mizigo mpaka wanakosa makarani. Kafili wa huko, Msaudia wa kumdhamini, alikwisha kukubali kumhamishia ikama, kibali chake cha ukaazi. "Lakini hangoji milele," kaka yangu alituma salamu. "Ikipita Idi Kubwa, halas, imekwisha."

Mtoto akazaliwa. Mume wangu akasema, "Nikimaliza kitabu."

Kitabu chenyewe kilikuwa cha bosi wake. Bosi, mhandisi mkuu, mzee mrefu mwenye masikio mekundu, alikuwa anaandika maisha ya babu yake, huyo padri. Aliandika kwa mkono, hati kama miguu ya kunguru, na katika ofisi nzima mtu mmoja tu aliweza kuisoma. Basi kila baada ya saa za kazi mume wangu alikaa na bosi, mmoja anasoma, mwingine anataipu, na kurasa zilizobaki alizileta nyumbani pamoja na mashine. Alitaipu nakala tatu kwa kaboni. Ya juu ya bosi, ya pili ya kuweka, ya tatu, iliyofifia kama moshi, alibaki nayo mwenyewe. Akaiweka juu ya kabati, pale ambapo watu wengine huweka msahafu. Nikamwambia shusha. Akashusha, akaiweka chini ya mto wake.

Mwanzoni nilimwonea fahari, siwezi kusema uongo. Mume wangu akirudi alikuwa na hadithi. "Unajua leo yuko wapi? Ana miaka tisa. Baba yake muuza mishumaa, wanakaa kwenye mji wa mvua, na yeye anajifunza Kiyunani peke yake chini ya kaunta." Kesho yake kijana kaingia chuo kikuu. Kesho kutwa kawa padri, kapewa parokia ya wachunga kondoo, anawahubiria mambo ambayo hayuko hata mmoja wao anayeyaelewa, lakini wanakuja kwa sababu ana sauti nzuri. Halafu daktari akamwambia kifua chako kibovu, nenda ukavute hewa ya milimani. Akaenda mgonjwa, akarudi mwendawazimu. Hakuna kilele alichokitazama asitake kukikalia.

Nilisikiliza huku nanyonyesha. Nilikuwa nasema, "Ehee, halafu?" Mpaka siku moja mtoto aliota jino lake la kwanza. Nilingoja mchana kutwa. Mume wangu akaingia, hajavua hata viatu, nami nimemshika mtoto mdomo nimemfungua, namwambia, "Tazama!" Akatazama. Akasema, "Maashallah," akamkuna kidevu. Kisha akasema, "Leo kamba imekatika. Kiongozi wao kaanguka. Padri kaona kwa macho yake." Na machozi yakamlenga.

Kwa jino la mwanawe, kidevu. Kwa Mswisi aliyeanguka karne iliyopita, machozi.

Tangu hapo sikusema tena halafu. Nilikuwa na swali moja tu. Akiingia, kabla ya salamu haijakauka mdomoni, namwuliza, "Amekufa?"

"Bado. Yuko Uswisi."

Wiki inapita. "Amekufa?"

"Bado. Ametafsiri kitabu cha nabii mmoja, maaskofu wamekasirika. Wanataka kumwondoa kanisani."

"Wamwondoe duniani."

"Astaghfirullah, mke wangu."

"Ana miaka mingapi sasa?"

"Sitini na kitu. Lakini ana nguvu! Juzi kapanda..."

"Sitaki kujua kapanda nini."

Mume wangu akaanza kujigeuza. Kwanza aliacha maji ya moto, anaoga baridi, kwa sababu padri alioga baridi. Akawa anakwenda kazini kwa miguu, na jua lile la Riyadh, anarudi shati limemganda mgongoni kama karatasi ya sambusa. Akanunua buti. Siku moja nikamkuta anamwimbia mtoto, na wimbo wenyewe ni orodha ya majina ya milima. Mtoto anacheka. Nilimpokonya.

Jirani yangu wa ghorofa ya juu alikuwa mwanamke wa Lamu, mke wa pili wa mzee mmoja muuza vitambaa sokoni hapo Al-Dirah. Mke wa kwanza alikuwa nyumba ya tatu. Kwa mambo ya wivu yeye alikuwa mhitimu. Siku moja tunaanika nguo juu ya paa akaniuliza, kama kila siku, "Shoga, yule mzungu wenu keshakufa?"

"Hafi! Huyu nitakufa mie kwanza."

Akabana kibanio cha nguo mdomoni, akafikiri. Kisha akakitoa. "Wewe kosa lako unapigana naye kama mwizi. Yule si mwizi. Yule ni mke mwenzio. Keshaingia, keshakaa, ana mto wake. Mke mwenza hafukuzwi. Mke mwenza hudaiwa zamu."

"Zamu na kitabu?"

"Mumeo mtu wa sheria au si mtu wa sheria? Mwambie agawe sawasawa. Leo kwako, kesho kwa bwana ndevu. Na siku yako asiguse hata karatasi."

Nilicheka, kisha sikucheka. Jioni ile nikamkalisha mume wangu. Nikamwambia baba yako alikuwa sheikh, kasomesha watu fikihi, na wewe umeisoma. Mwenye wake wawili asiyefanya uadilifu atafufuka vipi? Akasema ubavu mmoja umepinda. Nikamwambia basi ubavu wako naona unaanza kupinda. Nataka zamu.

Alidhani mzaha. Alipoona uso wangu akainama. "Haya," akasema. "Ni haki."

Na kweli aliitimiza. Siku yangu mashine ilifunikwa kitambaa, na ile nakala ya kaboni ilihamia kabatini. Alitupeleka sokoni baada ya alasiri, amembeba mtoto begani. Alininunulia ubani, akanichagulia kanga iliyoletwa na mzee wa vitambaa kutoka Mombasa. Alikaa. Alikula. Nilimpikia mkate wa kumimina, akausifu.

Halafu basi.

Nilikuwa nimempiga marufuku kumtaja padri siku yangu, na padri alipoondoka, hakubaki mtu. Mume wangu alikaa mkekani mikono kwenye magoti kama yuko kwa daktari. "Joto leo," atasema. "Joto," nasema. "Maji yamekuja?" "Lori limekuja." Siku ya pili yake, siku ya bwana ndevu, nikiwa upande wa pili wa pazia, nasikia mashine inakwenda tatata-tatata, inasimama, mume wangu anacheka peke yake, anasema kwa Kiingereza, "No, no, old man," inaendelea. Hapo ndipo nilipojua wivu ni nini. Si kuwa anampenda mwingine. Ni kumsikia akichekeshwa.

Basi nikataka kujua huyu ana nini. Mchana, mtoto amelala, nikafungua kabati nikatoa kaboni. Kiingereza changu ni cha skuli, lakini walimu wangu walikuwa wakali. Nikasoma. Nikasoma siku nyingi, kimya kimya, karatasi nazirudisha kama nilivyozikuta. Nilimtafutia aibu sikuipata. Alikuwa mtu wa ajabu, nakubali kwa kinyongo. Alijifunza Kiarabu kwa ajili ya kulinganisha maneno tu. Kila alipovuka mto wa barafu alibeba mkate mfukoni mmoja na Zaburi mfukoni mwingine. Kiongozi wake alipoanguka, alikaa na mjane siku saba akimkatia kuni, padri mzima, bingwa mzima, kisha akaandika hotuba ambayo bosi ameinakili yote na ni ndefu mno.

Lakini niliona kitu kingine. Alikuwa na mke. Kurasa zote zile, mkewe kapata mistari miwili. *Alimwoa binti wa jaji. Afya yake haikuruhusu kupanda, akawa anabaki hotelini chini ya mlima.* Basi. Miaka arobaini ya ndoa, anabaki hotelini. Hawakumwandikia alikuwa anafanya nini, anakula nini, anangoja kwa namna gani. Nilizitafuta kurasa nyingine zote. Hayumo. Niliirudisha kaboni kabatini nikaufunga mlango kwa kishindo, mtoto akaamka.

Idi Kubwa ilikuwa inakaribia. Kaka yangu akatuma salamu ya pili, safari hii bila adabu: "Mwambie shemeji, kafili ana mtu mwingine mkononi." Nikamwambia. Akasema, "Padri anaumwa. Kifua. Hakai sana."

"Wallahi?"

"Anaumwa kweli."

Nilifurahi. Nilianza kufunga nguo za mtoto za baridi.

Ijumaa moja bosi akatualika. Waingereza walikuwa na ada yao: Ijumaa wanapakia gari vyakula na maji, wanatoka nje ya mji mpaka kwenye ukingo wa jabali la Tuwaiki, pale ambapo ardhi inakatika kama mkate uliomegwa. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuwaona wawili hao kwa macho yangu. Niliwaona. Bosi na mume wangu walijifunga kamba moja, kiuno kwa kiuno, wakaanza kukwea lile jiwe. Mume wangu, mtoto wa sheikh, aliyezoea ngazi za ofisi tu! Bosi yuko juu anampigia kelele, "Mguu wa kushoto!" naye anacheka, ananing'inia kama popo. Uso ule sikuwahi kupewa mimi.

Nikabaki chini na mtoto, na madam, mke wa bosi. Alikuwa mwanamke mkavu, mweupe wa kuiva, amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli, anafuma soksi. Katika joto lile! Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa.

"Unaendeleaje?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Nangoja babu wa mumeo afe," nikamjibu. Sina njia ya kuzunguka.

Mikono yake ikasimama kufuma. "Afe? Ameshakufa."

"Najua ameshakufa. Nasema kwenye kitabu."

"Kwenye kitabu ameshakufa. Kabla ya Ramadhani yenu. Mume wangu alilia, akaenda kuoga. Hukujua? Mumeo ndiye aliyetaipu kifo."

Nilimhamisha mtoto bega. "Sasa wanafanya nini kila jioni?"

"Wanarudia. Wameanza tena tangu alipozaliwa. Wanaita kusahihisha." Akatazama juu, zilipo zile pea mbili za buti. "Wanahamisha alama za mkato, mpenzi wangu. Leo wanatoa moja, kesho wanairudisha. Mimi nimeolewa naye tangu ujana na hajapata kuniuliza jambo lolote kwa makini kama anavyomwuliza mumeo kuhusu alama ya mkato."

Niliinywa chai yake ikiwa moto vile vile, ikaniunguza ulimi. Basi tangu kabla ya Ramadhani! Kila jioni nauliza amekufa, naambiwa bado. Hiyo kaboni niliyoisoma ilikomea kwenye uzee wake, zilizobaki kazificha ofisini. Na kile kifua kinachouma, kile nilichofurahia mpaka nikafunga nguo, kilikuwa kimekwisha kuuma na kunyamaza na kuzikwa.

Mume wangu aliteremka mikono imechubuka, meno nje. "Umeniona?"

"Nimekuona," nikasema.

Garini nilimlaza mtoto mapajani. Nyumbani nilingoja aoge maji yake ya baridi. Kisha nikamwuliza kama desturi, "Amekufa?"

"Bado," akasema, huku anajifuta masikio. "Lakini hali mbaya."

Kesho yake alipokwenda kazini nikapanda juu kwa jirani. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa wewe unataka kupiga kelele. Usipige. Mtu akifa watu hufanya nini?"

"Humzika."

"Keshazikwa. Baada ya hapo?"

Tukatazamana. Akaanza kucheka kwa tumbo, mkono mdomoni.

Tukamwekea matanga. Jirani alikuwa mtu wa dini, akaweka sharti: "Hatusomi kitu. Yule Mkristo, ana wenyewe. Kahawa tu na mkono wa pole." Tukatandika mikeka chumba cha mbele, tukaisukuma mashine ya taipu pembeni, nikaifunika shuka nyeupe. Tukapika kahawa ya tangawizi dele zima. Mzee wa vitambaa, mumewe, hakuwa mtu wa mzaha hata kidogo. Alipoelezwa kuwa mzungu yule tunayemsikia kila siku amekufa kweli, alisema, "Jirani akifiwa na mtu wake wa kazi, ni wajibu," akaja na wenziwe wawili wa sokoni, akavua viatu, akakaa.

Mume wangu akaingia baada ya alasiri. Nilikuwa nyuma ya pazia nimempakata mtoto. Aliona mikeka. Aliona shuka nyeupe. Yule mzee akainuka, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Pole, mwanangu. Tumesikia mzee ametutoka. Aliumwa sana?"

Mume wangu aligeuka. Macho yakaja kwenye pazia, nami nikalifungua kidogo anione vizuri.

"Kifua," akasema.

"Kifua kibaya," wakasema wale wengine. Wakamwonyesha pahala pa mfiwa, karibu na mlango. Akakaa. Wakamtilia kahawa. Akainywa.

Walipoondoka nilitoka. Nilijiandalia maneno tangu asubuhi, makali, mengine hayaandikiki. Yalinitoka kidogo tu. "Kwa nini?"

Hakuniangalia. "Jeddah mimi ni shemeji. Kila ninayekutana naye ni shemeji. Kazi ya kaka yako, kafili wa kaka yako, nyumba ya mama yako. Hapa kuna mtu ananiuliza: neno hili au lile? Nikimwambia lile, anaandika lile."

"Na mimi? Mimi nimekuuliza mara ngapi?"

"Umeniuliza amekufa au bado."

Ningeweza kumpiga. Nilimpa mtoto amshike, nikaenda kuosha vikombe, nikavunja kimoja.

Matanga yetu ni siku tatu. Sikuyavunja, na yeye hakuomba yavunjwe. Siku ya pili walikuja tena, mume wangu akawasimulia marehemu, mlima mmoja baada ya mwingine, na mzee wa vitambaa akasema, "Mtu mkubwa," kila kituo. Siku ya tatu nilisikia gari nje. Mlango wa nyumba ile ya udongo ulikuwa mfupi. Aliyeinama kuingia alikuwa bosi. Mume wangu alikuwa amemwambia kazini, sijui kwa maneno gani.

Bosi alivua kofia. Akavua viatu, soksi yake ina tundu. Yule mzee wa vitambaa akauliza kwa Kiarabu, "Huyu nani?" Mume wangu akajibu, "Mjukuu wa marehemu."

Basi wote wakainuka. Mzee akamshika bosi mkono kwa mikono miwili, akampa pole yake yote kwa Kiarabu, ndefu, bosi haelewi neno lakini kichwa kimemwinamia. Kisha mzee akageuka kwa mume wangu, kwa upole kabisa, kama anavyosemeshwa mtu aliyekalia kiti cha mwenyewe, akasema, "Sogea, mwanangu. Mpishe mfiwa."

Mume wangu akasogea. Ilikuwa hatua ya mkeka mmoja tu. Bosi akakunja miguu yake mirefu kwa tabu, akakaa pale karibu na mlango, akapewa kahawa yeye kwanza, na machozi yakawa yanamtiririka mashavuni bila sauti, na yale masikio mekundu yamezidi kuiva. Mume wangu alikaa ubavuni na kikombe kitupu. Hakuna aliyekumbuka kumtilia. Niliuona uso wake. Babake sheikh alikufa Unguja, kaburi lake hajapata kulitia udongo, na matanga yake hayakuwekwa popote kwa hofu ya serikali ya siku zile. Hapa alikuwa amekalia matanga ya babu wa mtu, na mwenyewe kaja.

Nilimwonea uchungu, na uchungu huo ulinikera kuliko hasira.

Jioni hiyo tulipokunja mikeka alisema, bila kugeuka, "Mwambie kaka yako nakuja."

Sasa tuko Jeddah, Al-Baghdadiyah, ghorofa ya tatu juu ya duka la betri. Mama yangu yuko mtaa wa pili. Kaka zangu wanaingia bila kubisha. Upepo wa bahari upo, na watu wangu wapo. Mume wangu anakwenda bandarini, anataipu orodha za shehena: saruji, saruji, kondoo, saruji. Anaoga maji ya moto. Nimeshinda, sivyo? Miezi yote ya mwanzo nilikuwa naye mezani kila jioni, bila zamu, bila mwenza, na alikuwa anasema, "Joto leo."

Nilikuwa na hasira naye Riyadh kwa kuwa na maneno. Hapa nikawa na hasira naye kwa kutokuwa nayo. Mama akaniambia, "Wewe mwanangu hutosheki." Sitosheki, ndiyo. Sikutaka mwili wake tu ukae kwenye kiti.

Juzi nilikuwa jikoni nachoma vitumbua. Alikuwa varandani na mtoto, ambaye sasa anakimbia na kuuliza kila kitu. Nikasikia sauti imebadilika. Ile sauti. Anamsimulia mtoto. Padri yuko kwenye ukingo wa barafu, ukungu umeshuka, hajui aende upande gani. Wivu ukanipanda kutoka miguuni. Mtoto anapewa, mie sipewi! Nikapunguza moto wa jiko ili mafuta yasipige kelele, nisikie.

"Akaivuta kamba ya kiongozi wake," anasema, "akaenda kulia..."

"Kushoto!" nikapaza sauti. "Alikwenda kushoto. Kulia kulikuwa na ufa. Na kiongozi alikwisha kufa mwaka uliotangulia, alikuwa na mtoto wa kiongozi."

Mume wangu akatokea mlangoni mwa jikoni, mtoto amemning'inia mguuni. Alinitazama vile alivyokuwa akimtazama bosi juu ya jabali.

"Ulisoma?"

"Nilisoma yote. Mpaka uzeeni, ulipoficha. Na mmefanya kazi mbovu, wewe na bosi wako. Mkewe mmempa mistari miwili."

"Hakuna aliyejua alichokuwa akifanya kule chini. Hakuandika barua."

"Mimi najua."

"Unajua?"

"Siku ile ya ukungu," nikamwambia, "alikuwa dirishani tangu alfajiri. Alikuwa na darubini ya baba yake jaji. Wenye hoteli wakamwambia, mama, kula chakula. Akakataa. Ilipofika adhuhuri ukungu ukafunga, haoni mlima wala haoni ua. Basi akaiweka darubini mezani. Akaenda kwenye sanduku la mumewe, akalifungua."

Sijui kama ni kweli. Sijali. Hakuna mwingine aliyejishughulisha naye.

Mume wangu alikuwa ameegemea mlango. Mtoto anamvuta suruali, hasikii.

"Halafu?" akasema.

"Mshike mtoto, mafuta haya yatamrukia," nikamwambia. Nikageuza kitumbua, taratibu, kisha cha pili, kisha cha tatu, huku nimempa mgongo.

"Halafu akafanya nini?"